Access kwenye folda ya pamoja au PostgreSQL kwenye seva?

Ukiwa peke yako Access (programu ya Microsoft ya kutunza data ndani ya faili) haina shida kabisa, unafungua, unajaza, unafunga basi. Tatizo linaanza mkiwa watano mnafungua faili moja kwenye folda ya mtandao, kwasababu pale hakuna programu ya kati inayopokea maombi yenu, kila kompyuta inasoma na kuandika moja kwa moja ndani ya lile faili, afu kale kafaili ka .laccdb kanakojitokeza pembeni ndo kanatunza nani kashika nini. Sasa mmoja anasevu, Wi-Fi inakata katikati, faili linaweza kuharibika na wenzake wote wanakwama mpaka lirekebishwe, inauma sana aisee. Kikomo kwenye karatasi ni watu 255 kwa pamoja, ila kama mnaandika kutwa nzima mi nisingethubutu hata robo yake. Na faili likigonga GB 2 ndo mwisho.

Kwa PostgreSQL (programu ya hifadhidata inayokaa kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia wengine), seva peke yake ndo inagusa data, nyie mnatuma maombi tu. Mtandao ukikata, kazi ambayo haijakamilika inafutwa yote, data inabaki kama ilivyokuwa. Mkihariri rekodi tofauti hamgongani, na anayesoma hamzuii anayeandika. Ugumu ni kuinstoli, nywila za watumiaji na bekapu.

Njia ya kati ipo, fomu za kujazia data zibaki Access, majedwali yenye data yahamie PostgreSQL, viunganishwe kupitia ODBC (daraja kati ya programu na hifadhidata). Mi ningeanzia hapo, ila kila mtu awe na nakala yake ya fomu kwenye kompyuta yake, msishee moja.