Wale jamaa wa CV upande wa Mwenge, kwa mnaoomba kusoma sheria Marekani

Hii ni kwa mnaoomba vyuo vya sheria Marekani, sio Law School yetu ya pale barabara ya Sam Nujoma, Dar. Kuna jamaa wanatengeneza CV ghorofani juu ya maduka ya simu upande wa Mwenge, jina siwataji maana sio yote nitakayosema ni mazuri. Bei elfu 30, kuprinti unalipia pembeni.

Mimi LLB (digrii ya kwanza ya sheria) ninayo, naomba LLM (ya uzamili), na kazi nimefanya za kila aina aisee. Kibanda cha wakala wa pesa Manzese, kumuuzia mjomba vitenge Kariakoo, karani wa sensa 2022, field mahakamani, halafu kujitolea kidogo kwenye ofisi ya wakili huku Posta. Vyuo vingi vya kule vinataka CV ya ukurasa mmoja, ukizidi sana miwili, sasa hapo ndo utata, ipi ibaki ipi itoke, na mtaani kila unayemuuliza anakwambia weka za sheria tu hizo za kibandani zitakushushia hadhi.

Kaka aliyenipokea hapo alinikosha kwa kweli. Hakuuliza cheo changu kilikuwa nini, aliuliza "mtu akikosea namba hela ikaenda kwa mwingine, wewe pale dirishani ulikuwa unafanyaje?" Nikamweleza, mteja anafoka, foleni nyuma yake inanuna, mimi nafungua daftari naangalia muda na namba ya muamala, napiga huduma kwa wateja, na yule aliyepokea naye nikimpigia anasema kwani ushahidi uko wapi. Akasema basi hiyo ndo ya kwanza kwenye CV yako, kutunza kumbukumbu na kusuluhisha watu wanaogombania hela, na umekaa pale zaidi ya mwaka. Ile ya Posta akanibana hadi nikasema ukweli kwamba kazi ilikuwa kupiga fotokopi na kumsubiri wakili atoke mahakama ya Kisutu, akaipunguza ikawa mstari mmoja. Sensa akaibakiza kwa kuwa tuliapa kutunza siri za watu, na anayetaka uwakili hilo linamhusu moja kwa moja. Vitenge alisema viendelee kuwepo, kwa kifupi, ili miaka isiwe na pengo.

Tatizo ni kwamba yeye anaongea tu, anayechapa ni kijana mwingine, na huyo sijui alikuwa wapi wakati tunaongea. Kazi imerudi ina picha yangu, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, na chini kabisa eti napenda kusoma na kusafiri. Hiyo ni CV ya kupeleka ofisi za hapa bongo, Marekani hawataki picha wala umri wala kama umeolewa. Kibaya zaidi duka la vitenge limegeuka "kampuni" na mimi nimekuwa Meneja Masoko Msaidizi, mjomba mwenyewe hana meneja yule ana kalkuleta na stuli! Nikawaambia rudisheni kama ilivyo, niliuza dukani, basi. Wakanijibu kila mtu anafanya hivyo dada. Kwingine sawa labda, ila kwenye sheria kule Marekani ukimaliza shule wanakuchunguza mwenendo kabla hujaruhusiwa kuwa wakili, na karatasi ulizojaza wakati unaomba chuo zinaweza kufukuliwa. Hata hapa kwetu ukimpelekea Jaji Mkuu maombi ya uwakili, suala la tabia njema lipo.

Kitu kingine ambacho hawakunigusia kabisa, nimeambiwa na dada aliyenitangulia huko, CV na fomu ya maombi ni vitu viwili. Kwenye CV unachagua. Fomu ikisema orodhesha ajira zote, unaorodhesha zote, hata ile ya miezi miwili uliyogombana na bosi ukaondoka. Ukiificha kwenye fomu huko sio kuchagua tena, ni uongo umeusaini mwenyewe. Ofisi inayojinadi kwa CV za nje ilitakiwa iseme hilo kabla ya kupokea hela.

Walirekebisha bila kuongeza bei, ila kwa kununanuna. Ningewapa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za yule kaka. Mkienda nendeni asubuhi siku za kazi, jioni hayupo. Dai faili la Word uondoke nalo kwenye flashi maana wao wanapenda kukupa PDF tu, ili kila ukitaka kubadili herufi moja urudi ulipie, na kuprinti fanyeni kwingine, stationary za karibu na chuo bei ni poa zaidi.