TAHADHARI: Laptopu za "betri inakaa saa sita", jaribuni kabla hamjalipa

Wakuu kuna jamaa anauza laptopu used mtandaoni, anasema mzigo umetoka Dubai na duka lipo Kariakoo, ila ukifika anakuja kukupokea kwenye ngazi za ghorofa, dukani hakuingizi. Hapo tu ningeshtuka ila sikushtuka. Jina simtaji, maana majina anayo mengi, nawapa janja yake tu.

Mashine anakuja nayo imefunikwa, imelala. Anainua kioo mbele yako inaamka papo hapo, kwenye kona inasoma 97%. "Hii imelala tangu jana kaka, ona haijashuka, inakaa saa sita." Nikalipa laki nne na nusu huku nacheka. Kumbe ile mashine kulala usiku mmoja haiwezi, nimeijaribu nyumbani, ukiifunika saa nne usiku asubuhi imekufa, so ile "tangu jana" yake ilikuwa imetoka kwenye chaja muda huohuo.

Siku ya tatu umeme ukakatika mtaani kwetu, nina ripoti ya mtu natakiwa niitume usiku uleule, nacheki betri 41%, nikasema ngoja nimalizie. Dakika kumi hazikufika, zii. Hakuna onyo hakuna nini, kurasa kama nane zimeenda. Nampigia ananiambia eti betri inabidi "uifundishe", iache iishe mpaka sifuri mara tatu. Hayo ni mambo ya betri za zamani za nikeli jamani, hizi za lithiamu kuzikausha mpaka sifuri ndo kuzimaliza, na mimi kwa ujinga wangu nikafanya mara mbili.

Nikaipeleka kwa fundi. Akafungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandika amri, akaandika powercfg /batteryreport, ikatoa faili, akaifungua kwenye brauza. Design Capacity (uwezo wa betri ilipotoka kiwandani) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa ikijaa) zinafanana mpaka tarakimu ya mwisho, Cycle Count (imetumika na kuchajiwa mizunguko mingapi) sifuri. Mashine ya 2018! Akasema hiyo ni betri kuukuu imebandikwa stika mpya, chipu yake ya ndani imerudishwa sifuri, kwa hiyo inaidanganya Windows. Kufungua mfuniko wa chini, betri imeanza kuvimba.

Halafu kwenye setingi za umeme tukakuta onyo la betri limezimwa, na betri ikifika hali mbaya mashine imewekwa Do nothing, yaani isifanye kitu. Kawaida ikifika kama 5% Windows inatakiwa iandike kila ulichofungua kwenye diski halafu ijizime, ile wanaita Hibernate. Tukairudisha, ila fundi akanambia haisaidii kitu, maana mashine inasubiri 5% wakati betri inakata roho ikiamini bado ina 40. Na ukiiacha imelala tu ndo mbaya zaidi, kazi yako inakaa kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda, na RAM bila umeme haishiki kitu.

Sasa ukienda kununua, chomoa chaja, pandisha mwanga wa kioo mpaka mwisho, weka video icheze nusu saa nzima hapohapo. Muuzaji akinuna mwache anune. Asilimia zikiruka kutoka 70 kwenda 50 ghafla, beba mfuko wako uondoke. Iweke juu ya meza uone kama inakaa sawa au inacheza, na tachipedi ibonyeze, ikiwa ngumu au imeinuka ujue huko chini kuna uvimbe. Ile ripoti angalia, ila ikiwa safi kupita umri wa mashine ndo uogope.

Betri nyingine nimeambiwa 95,000, bado sina. Fundi aliitoa ile iliyovimba, natumia kwa kuchomeka ukutani, umeme ukikatika na mimi nimekatika. Jamaa kashanibloku. Jana usiku shemeji kanionyesha tangazo lake jipya kwenye simu yake, anauza laptopu nyingine kabisa, ila picha ya kioo ni ileile ya kwangu, na kwenye kona inasoma 97%.