`unsafe` ya C#: nyota tatu kutoka kaunta za Kariakoo

Naandika programu za risiti za maduka ya Kariakoo kwa C#, lugha ya programu ya Microsoft. Kazi ya kugeuza nembo ya duka kuwa nukta nyeusi za printa ya milimita 58, yenye nukta 384 kila mstari, niliifanya kwa `unsafe`, yaani kushika kumbukumbu moja kwa moja kwa pointa (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu). Kasi yake nzuri, hata kwenye zile kompyuta kuukuu za kaunta. Hapo sina neno.

Kilichonitesa ni pointa ya `null`, yaani isiyoelekeza popote.

Jumamosi moja mama muuza vitenge wa Mtaa wa Congo alinipigia: “Mwanangu, programu inajifunga yenyewe, na wateja wamejaa hapa.” Nikapanda mwendokasi hadi Msimbazi. Umeme ulikatika wakati nembo inahifadhiwa, faili likabaki na baiti sifuri. Sasa `fixed`, amri inayokupa pointa ya safu ya data, ukiipa safu isiyo na kitu, hailalamiki. Inakupa pointa ya `null` na kompaila (kitafsiri cha msimbo) inanyamaza. Hata yale maonyo ya `null` yaliyokuja na C# 8 mwaka 2019 hayagusi pointa. Maelezo ya lugha yanalisema jambo hili wazi. Mimi sikuwa nimeyasoma.

Lakini mbona `catch` yangu, sehemu ya kudaka makosa, haikudaka kitu? Niliporudi ofisini Kijitonyama nikajaribu faili tupu kwa nembo fupi, ya mistari 100. Ikadakwa vizuri, risiti ikatoka bila nembo. Nikarudia kwa mistari 200 kama ya mama: programu ikafa palepale.

Jibu liko kwenye hesabu. Vipimo vya nembo nilivisoma kwenye mipangilio, na msimbo wangu huanza na mstari wa chini, kama picha za BMP zinavyopangwa. Kila pikseli baiti moja. Mistari inahesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo kwa nembo fupi mstari wa chini ni wa 99, na 99 × 384 ni 38,016. Kwenye Windows, ukigusa ndani ya baiti 65,536 za mwanzo, .NET, mfumo unaoendesha programu za C#, inajua umeshika `null` na inakurushia NullReferenceException, kosa linalodakika. Kwa nembo ya mama, 199 × 384 ni 76,416, nje ya eneo hilo. Hapo inakuja AccessViolationException, kosa la kugusa kumbukumbu isiyo yako, na tangu .NET Core (toleo jipya la .NET) hiyo haidakwi kabisa. Kosa lilelile, pointa ileile. Kilichotofautisha ni kimo cha nembo! Ukiijaribu kwa picha ndogo tu, utaapa kwamba umejikinga.

Nimeweka `if (p == null)`, p ikiwa ndiyo pointa, mara tu baada ya kila `fixed`. Kazi ya nembo nimeihamishia kwenye Span, njia ya kushika kumbukumbu inayokagua mipaka, ambayo C# ilianza kuiunga mkono kwenye toleo la 7.2 mwaka 2017: ukivuka mwisho unapata IndexOutOfRangeException, uwe mstari wa kwanza au wa 200, na inadakwa. Kwa picha ndogo kama hizi sijaona tofauti ya kasi. `unsafe` nimeibakiza pale ninapoita maktaba za C za printa.

Mama nimemhifadhia nembo upya, mistari 200 ileile, na sasa inatoka.