Mtambo wa biogesi wa mfuko wa plastiki kwenye banda la nguruwe: tathmini ya miezi 8

Banda langu lililoko Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, lina nguruwe 18, na kabla ya kufunga mtambo huu samadi yao ilitiririka hadi mferejini kuelekea ziwani, jambo lililonitia aibu mbele ya majirani. Fundi alichimba handaki, akalaza mfuko mrefu wa plastiki nzito, kisha akaniagiza nichanganye ndoo moja ya samadi na moja ya maji. Joto la huku linawatosha bakteria, wale wanaoozesha samadi na kutoa gesi ya kupikia, bila kupasha chochote. Gesi ya mwanzo, iliyojaa hewa ukaa, haikushika moto tukaiachia, lakini kufikia wiki ya 4 tulikuwa tunachemsha maharage.

Tope linalotoka halinuki kama samadi mbichi, na migomba imelipenda mno. Hata hivyo bado lina naitrojeni na fosforasi, virutubisho vilevile vinavyonenepesha magugu maji, kwa hiyo nalimwaga shambani tu.

Lawama yangu ni kwa fundi zaidi kuliko mtambo. Hakuweka kichujio cha haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai viza, nayo ikala vichwa vya jiko hadi nilipojaza mwenyewe bombani nyuzi za chuma zilizoshika kutu. Wala hakunishauri kuhusu uzio: kuku wa jirani wameutoboa mfuko mara mbili, na sasa una viraka vya mpira wa baiskeli.