Idadi ya Makala au Idadi ya Kunukuliwa: Kipi Kipime Utafiti wa Hospitali ya Kufundishia?

Kwa gharama, idadi ya makala zilizochapishwa na watafiti wa hospitali inashinda bila ubishi: karani mwenye orodha ya majarida anaweza kuikamilisha, ilhali kufuatilia kunukuliwa, yaani nani ametaja makala ya nani katika maandishi yake, kunahitaji hazina kubwa ya data, ambayo mara nyingi hulipiwa, na takwimu zake lazima zihuishwe kila mara kwa kuwa makala huendelea kunukuliwa miaka mingi baada ya kuchapishwa.

Kwenye uaminifu ndiko mjadala unakopata uzito. Idadi ya makala humshawishi daktari kuukata utafiti mmoja vipande vipande, na huipa taarifa ya mgonjwa mmoja thamani sawa na jaribio la tiba lililohusisha maelfu. Kunukuliwa hupunguza kasoro hiyo. Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, huunganisha wingi na athari, kwani h ya 20 humaanisha makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja. Hata hivyo, watafiti wa fani ndogo, kama upasuaji wa watoto, hunukuliwa kidogo kuliko wa saratani, na kuwalinganisha hivyo, kwa maoni yangu, ni dhuluma. Tena, makala huweza kunukuliwa kwa ubaya wake: ile ya jarida la tiba The Lancet ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilinukuliwa sana, lakini ikabatilishwa mwaka 2010.

Hospitali changa, inayojenga mazoea ya kuandika, itafaidika zaidi kwa kuhesabu makala; yenye idara zilizokomaa itazame kunukuliwa, mradi ilinganishe watafiti wa fani moja na wa rika moja la kazi.