Kapeti la katani: juu halina shida, ila ligeuze uone mgongo

Nawapa hukumu mapema maana najua wengine hamfiki chini: kapeti la katani ni zuri, linadumu, sebule inabadilika sura kabisa, ila kama unalitaka kwa sababu umeambiwa ni la asili asilimia mia basi ligeuze kwanza uangalie mgongo wake. Hapo ndo tunapopigwa chenga.

Upande wa juu sina ubishi nao. Jani la mkonge linapondwa na kukwanguliwa mashineni mpaka nyama yote itoke, zinabaki nyuzi ambazo ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, zinaoshwa, zinaanikwa, zinapigwa brashi, na ni nyuzi hizo hizo zinazosokotwa kamba, kwahiyo miguu ya watu na ya viti haiwezi kulitisha kirahisi. Langu lina ufumaji wa zigizaga na halijatiwa rangi, ni ile krimu yake yenyewe inayoelekea kwenye dhahabu, na ukipiga magoti ukaliangalia kwa karibu unaona uzi mmoja mweupe, wa jirani una ukahawia kidogo, mwingine una kifundo. Yale ya plastiki yanayoigiza katani hayana hiyo, kila uzi sawasawa na mwenzake, halafu yanang'aa kinafiki. Ukitaka uhakika chomoa kauzi kamoja pembeni, nenda nako nje ukachome. Katani inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, plastiki inajikunja, inayeyuka, na ikipoa inabaki kidonge kigumu.

Sasa chini. Makapeti mengi ya aina hii yanapakwa mpira kwa nyuma ili nyuzi zisiachane na lisiteleze ovyo. Mpira huo ukiwa ni utomvu wa mti wa mpira wenyewe mi sina neno, lakini mara nyingi ni mpira wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli. Lebo ya kapeti langu imeandikwa ASILI kwa herufi kubwa na mchoro wa jani juu, mgongo haujatajwa popote, nikamuuliza muuzaji ule mpira ni wa nini hasa, akanijibu "katani ni mmea". Sawa bosi, hilo nilikuwa nalijua. Lilipofunguliwa kwa juu lilinukia vizuri tu, kama nyasi kavu, lakini ukiinamia kwenye mgongo unakutana na harufu ya gundi, ikabidi madirisha yakae wazi siku kadhaa ndo ikakata. Na shida sio harufu tu, siku likichakaa katani itaoza ikarudi udongoni, ila hiyo ngozi ya chini haiendi popote na kuzitenganisha nyumbani haiwezekani.

Halafu msione cheti cha OEKO-TEX mkaridhika kwamba basi ni la asili. Kile kinapima kemikali zenye madhara, na ni kitu cha maana sana hasa kama kuna watoto ndani, lakini hata poliesta inaweza kukipata. Hakisemi kitu kimetoka kwenye mmea.

Mi ningerudi nyuma ningetafuta lisilopakwa chochote chini, lenye pindo la pamba, halafu pedi ninunue peke yake, ya sufu au ya mpira wa asili. Yapo, tatizo wauzaji hawayaweki mbele, na maelezo ya mgongo lazima uyaombe kwa maandishi.

Maji ndo adui yake mkubwa, na hili halisemwi dukani. Mgeni alimwaga glasi ya maji, maji matupu sio juisi, yalipokauka likabaki duara la kahawia utadhani chai. Uzi ukilowa unafyonza, na maji yanapokauka yanasukuma rangi ya uzi wenyewe mpaka ukingoni pa doa. Kwahiyo likimwagikiwa unakandamiza na kitambaa cheupe kikavu kuanzia nje kuja katikati, usisugue, halafu unaliwashia feni likauke haraka. Mvuke hapana, shampoo hapana, bafuni ndo usifikirie kabisa. Usafi wa kawaida ni mashine ya kuvuta vumbi bila ile brashi inayozunguka maana inanyofoa nyuzi, na mara moja moja uliinue ufagie chini yake, vumbi laini linapenya kwenye ufumaji linatua sakafuni.

Pembe zikijikunja siku za mwanzo usipaniki, kunja kinyume, weka kitu kizito, zitatulia. Jua la dirishani litalibadilisha rangi taratibu kwahiyo lizungushe mara moja moja, la sivyo siku ukihamisha kochi utaona ramani.

Kukaa juu yake bila mto, aisee, linakwaruza. Mtoto anayetambaa atalalamika na ana haki. Kwa chumba cha kulala nadhani juti, zile nyuzi za magunia, ni bora, ni laini mguuni ingawa ni dhaifu zaidi na inapukutisha. Mlangoni weka usumba, ule wa makumbi ya nazi, unakwangua tope kwenye viatu na unyevu kidogo hauutishi.

Nyota 4 kwa juu, 2 kwa mgongo, na muuzaji simpi kitu mpaka ajibu swali langu.

Wenye paka: vile vigingi vya kukwaruzia kucha vimeviringishwa kamba ya katani hii hii, sasa usitegemee paka wako atajua lipi ni lake na lipi ni kapeti la wageni.