Ununue mashine gani kwa mtandao binafsi wa kugawana faili?

Mpiga video za harusi wa Sinza akitaka kumpa mhariri wake wa Mbagala GB 80 za shughuli ya Jumamosi, si lazima alipie hifadhi ya mtandaoni. Syncthing, programu huria iliyoanza mwaka 2013, huunganisha mashine zao moja kwa moja, na mashine ngeni haiingii mpaka pande zote mbili ziikubali. Programu ni bure. Pesa iende kwenye mashine moja ya kuwaka usiku na mchana, maana mmoja akizima wakati mwenzake anawasha, faili hazitoki.

Nafasi ya kwanza: laptopu ya mtumba. Umeme wetu unakatika, na laptopu ina betri yake. Mimi ningechukua ThinkPad T480: ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa, pamoja na tundu la waya wa mtandao la gigabiti. Kabla hujalipa, fungua dirisha la amri la Windows uandike `powercfg /batteryreport`. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Kama umeshuka chini ya nusu, shusha bei au dai betri nyingine. Ukishafika nayo nyumbani, iwekee kikomo cha chaji cha asilimia 80 na uizuie isilale ukifunga kifuniko. Ruta nayo itafutie UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika), la sivyo betri ya laptopu haitakusaidia kitu.

Ya pili: kompyuta ndogo ya mezani, kama Dell OptiPlex Micro au Lenovo ThinkCentre Tiny. Inapoa vizuri kuliko laptopu na nyingi zina nafasi ya diski ya inchi 2.5. Tatizo ni UPS, ambayo utainunua kando.

Ya tatu: Raspberry Pi 4 au 5, kompyuta ya ukubwa wa kadi. Inakula umeme kidogo sana, lakini ukijumlisha adapta, kasha na SSD (diski ya kasi isiyozunguka), unakuta umeikaribia bei ya laptopu. Pi 3 Model B iache hata ukipewa kwa bei ya kutupa: tundu lake ni la Mbps 100, hivyo zile GB 80 zitachukua karibu saa mbili. Kwenye gigabiti, kwa hesabu ya waya peke yake, ni kama dakika 11 tu.

Ya nne: Synology ya diski mbili, kisanduku cha kuhifadhia faili kwenye mtandao. Kifaa kizuri, ila ni ghali na diski zinauzwa kando. Studio yenye watu kadhaa ndiyo itakayofaidi.

Ya mwisho: simu ya zamani. Programu rasmi ya Syncthing ya Android ilisitishwa mwishoni mwa 2024. Iliyobaki ni Syncthing-Fork. Itumie kupokelea picha, basi.

Diski ndiyo inayoliza watu wengi. SSD ya nje "ya TB 2" inayouzwa kwa bei ya flashi ni feki: kompyuta itakuonyesha TB 2, lakini data ikizidi uwezo wake halisi inapotea kimyakimya. Ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Hizi huijaza diski yote kisha husoma tena kilichoandikwa. Kubaliana na muuzaji kabisa kwamba ikifeli unairudisha. Na usiiache kwenye FAT32, mpangilio wa zamani wa diski, itakataa faili ya video inayozidi GB 4.

Usambazaji wa kwanza ufanyeni mkiwa kwenye ruta moja, bando lisiguswe. Mkiwa mbali na wote mnatumia intaneti ya simu, mashine mara nyingi hazionani, faili zinapitia vituo vya watu wa kujitolea. Zimesimbwa, hawawezi kuzisoma, ila mwendo ni wa kobe.

Jambo moja zaidi: mhariri akifuta folda, inafutika na kwako. Washa utunzaji wa matoleo ya zamani kwenye ile mashine inayowaka muda wote, na bajeti yako iwe na diski ya nakala. Hiyo si lazima iwe SSD. Ya kawaida ya nje inatosha, uichomeke mara moja kwa wiki kisha uichomoe.